Karatasi zenye wino zisifungiwe chakula

Ndugu Mhariri,

Nimesoma kwa makini habari mliyoitoa juu ya viwanda vya chapa vya Bukavu, mashariki mwa Kongo (DRC), ambamo mlivisifu kwa kuwa havitupi karatasi. Ni kweli, havitupi. Nimeendesha mashine ya chapa kwa miaka 17, na katika muda wote huo sijaona gunia la mabaki ya karatasi likienda jalalani, kwa sababu akina mama wanaouza sokoni Kadutu huja kulichukua kabla hatujamaliza kufagia. Ninaandika kwa ajili ya mahali karatasi hizo zinapoishia, na kwa ajili ya vitu viwili ambavyo habari yenu haikuvigusa, yaani maji ya kuoshea mashine na matambara.

Hivi karibuni mke wangu alileta nyumbani sambaza za kukaanga, wale samaki wadogo wa ziwani, alizozinunua njiani. Karatasi iliyozifunga niliitambua mara moja, maana ilipita mikononi mwangu: ilikuwa kalenda ya shule moja, katika zile tunazoziharibu mwanzoni mwa kazi mpaka rangi zikae sawa. Mafuta yalikuwa yamelainisha wino. Mtoto wetu wa miaka 4, aliyekuwa wa kwanza kufungua, alikuwa ameshakula samaki wawili, na vidole vyake vilikuwa vya buluu.

Wasomaji wajue wino huo ni kitu gani. Wino wa mashine za ofseti, zile zinazochapa kwa bamba, umetengenezwa kwa rangi, gundi na mafuta, na mara nyingi mafuta hayo yanatokana na petroliamu. Tena huongezwa chumvi za metali, kama kobalti au manganizi, ili ukauke upesi. Hakuna aliyeutengeneza kwa ajili ya tumbo la mtu. Nchini India, mamlaka ya usalama wa chakula ilitoa onyo mwaka 2016 kwamba chakula kisifungwe katika karatasi za magazeti, na huko desturi hiyo ilikuwa imezoeleka kama ilivyo kwetu.

Sitaki akina mama hao wapoteze riziki. Tangu amri ya Desemba 2017 iliyokataza mifuko ya plastiki nchini, karatasi imekuwa msaada mkubwa kwao, na mimi mwenyewe napendelea karanga zilizofungwa katika karatasi kuliko katika sashe, kile kifuko cha plastiki. Ninachoomba ni magunia mawili badala ya moja. Vipande vyeupe vinavyodondoka kwenye mashine ya kukata, ambavyo havikuguswa na wino, viwekwe peke yake, na hivyo ndivyo wapewe akina mama. Karatasi zilizochapwa zibaki kiwandani: zinaweza kupitishwa tena kwenye mashine mara tatu au nne tunapoanza kazi nyingine, na zikichoka zinafaa kufungia marobota ya vitabu vinavyosafirishwa. Zisipelekwe jikoni kuwashia makaa, kwa kuwa moshi wake huvutwa na wale wale tunaotaka kuwalinda.

Afadhali zaidi ni kutoziharibu tangu mwanzo. Tuliwahi kuchapa karatasi 3,000 za kalenda yenye tarehe 31 ya Juni, kwa sababu mteja alikuwa na haraka na hakuna aliyekaa dakika kumi kuisoma ile nakala ya kwanza. Karatasi hiyo ilikuwa imetoka mbali, imevuka mipaka kwa malori, na ikageuka mabaki katika asubuhi moja.

Sasa maji. Bamba la alumini linalobeba picha huoshwa kwa dawa kali, mipira ya mashine husuguliwa kwa esansi, yaani petroli ya magari, na viwanda vinavyotumia bado filamu vina dawa iliyobeba fedha, yaani ile metali yenyewe, ambayo hudhuru viumbe wa majini hata ikiwa kidogo. Vyote hivyo nimeviona vikimwagwa mferejini. Mji wetu umejengwa juu ya miteremko, na kila mfereji una njia yake kuelekea Ziwa Kivu. Takataka za plastiki tunaziona, kwa sababu zinaziba mitambo ya bwawa la Ruzizi na umeme unakatika. Maji ya wino hayakati umeme, kwa hiyo hakuna anayepiga kelele. Lakini sambaza wanavuliwa katika ziwa hilo hilo, na maji yake yanatoka kwa mto Ruzizi mpaka Tanganyika. Sheria ya mazingira ya Julai 2011 inatulinda sisi na ziwa. Mapipa mawili yenye mfuniko, moja la dawa na moja la esansi chafu, yangekuwa mwanzo mzuri. Esansi ikiachwa itulie siku chache, uchafu hushuka chini, na ile ya juu hutumika tena kuoshea.

Matambara nayo yana hatari ambayo wengi hawaijui. Wino na vanishi zenye mafuta ya mbegu hukauka kwa kunyonya hewa, na zikikauka hutoa joto. Usiku mmoja rundo letu la matambara pembeni mwa stoo lilianza kutoa moshi bila mtu kuliwasha, na ni mlinzi aliyetuokoa. Tangu siku hiyo naweka yangu katika ndoo ya chuma yenye mfuniko, ingawa ndoo niliinunua kwa pesa yangu.

Kuhusu mabamba ya alumini sina malalamiko. Mafundi wa sufuria huyanunua yote, na kuyeyusha alumini ya zamani kunahitaji takriban asilimia 5 tu ya nishati inayotumika kuitengeneza mpya. Yaoshwe tu vizuri kabla ya kuuzwa.

Ndugu Mhariri, gazeti lenu nalo linachapwa mahali fulani. Nawaomba mumuulize mchapaji wenu maji yake ya kuoshea yanamwagwa wapi na karatasi zake zilizoharibika anapewa nani, kisha mtuandikie jibu lake katika ukurasa huu huu.

Wenu,
Fundi wa mashine ya chapa,
Komini ya Kadutu, Bukavu