Mchoro wa Kolo mliouchapa ulikuwa umelowa

Ndugu Mhariri,

Nimelisoma gazeti hili miaka mingi bila kuwaandikia hata mara moja. Safari hii nimeshindwa kunyamaza kwa sababu ya ile makala yenu ya kupanda milima ya Kondoa, na hasa ile picha kubwa ya Mungomi wa Kolo, lile pango lenye michoro ya kale ya miambani: kijana kaegemea mwamba, chupa ya maji mkononi, na nyuma yake wale watu wembamba wekundu wanang'aa kana kwamba wamechorwa jana.

Michoro ile haing'ai. Ikiwa kavu, rangi yake ni ya tofali la kuchoma lililoshika vumbi, na jicho linahitaji dakika mbili tatu kuizoea kabla ya kuona mkono ulipo na kichwa kilipo. Itazameni tena picha yenu. Chini ya miguu ya yule mtu wa kushoto kuna michirizi myeusi inayoteremka mpaka chini ya jiwe, na pembeni mwa weusi huo mwamba ni mkavu, umepauka. Ni maji hayo. Mtu kaumwagia ukuta maji ili picha itoke, nanyi mmeichapa bila kusema neno.

Naomba basi niwaeleze maji yanafanya nini pale. Rangi nyekundu ya Kolo ni udongo wenye chuma, uliosagwa na kupakwa juu ya jiwe, na kilichouhifadhi muda wote huu ni ukavu wa lile dari la mwamba linaloning'inia juu yake. Mwamba wenyewe una vitundu vidogo vidogo vyenye chumvi. Maji yakiingia, chumvi inayeyuka. Ukuta ukianza kukauka, maji yanarudi nje na chumvi yake, na chumvi inaganda juu ya uso wa jiwe. Hapo unaona ukungu mweupe umetanda juu ya mchoro, mgeni wa pili anaona mchoro umefifia, naye anamwaga maji yake, na ukungu unazidi kuwa mzito. Huo ndio mwanzo tu. Chembe za chumvi zikikua ndani ya vitundu zinalisukuma gamba la juu la jiwe, na siku gamba linapodondoka, linaondoka na shingo ya twiga au kichwa cha mtu kilichokuwa juu yake. Soda ndiyo mbaya kupita maji, maana sukari inanasa vumbi, inaita sisimizi, inaotesha kuvu. Kiganja chenye jasho na mafuta kinaacha doa ambalo huwezi kulifuta bila kufuta na rangi. Mgongo wa huyo kijana wenu, jinsi alivyoegemea, unasugua. Mahali hapa palitangazwa kumbukumbu ya taifa mwaka 1937, kuna Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, na mwaka 2006 UNESCO ikapaweka kwenye orodha ya Urithi wa Dunia, eneo la kilomita za mraba 2,336. Nakala alizofuatisha mtafiti wa mambo ya kale Mary Leakey mwaka 1951 zimo kwenye karatasi. Ukuta ukibambuka hakuna wa kuuchora upya. Yote hayo yanashindwa na chupa ya nusu lita, na gazeti linaonyesha namna ya kuishika!

Msidhani natia chumvi. Jumapili iliyofuata baada ya makala yenu kutoka, chini ya kilima, kundi moja lilishuka kwenye gari la kukodi, na dereva akawaambia wabakize maji kidogo "ya kuamshia michoro". Alipoulizwa kajifunza wapi, akachomoa gazeti lenu kwenye dashibodi.

Ile mistari minene myeupe mliyoiandika kuwa ni michoro ya awali kabisa ni mkojo wa pimbi. Pimbi hukojoa mahali pamoja kizazi baada ya kizazi, na mkojo ukikauka unaacha ukoko mweupe wenye chokaa. Ukitaka kuhakikisha, angalia juu: mkojo huanzia kwenye ufa au kwenye ukingo wanapolala, halafu unachuruzika; mchoro hauchuruziki. Michoro myeupe ya kweli ipo, nendeni Pahi mkaione. Imepakwa kwa kidole, na panapokutana nyeupe na nyekundu, nyeupe ndiyo iliyolala juu. Kwa hiyo ndiyo iliyofuata, ya wakulima wanaosema lugha za Kibantu, wakati nyekundu watafiti wengi wanaihusisha na wawindaji ambao Wasandawe wametokana nao. Mmegeuza historia juu chini kwa sababu ya pimbi. Na vyungu na majivu mtakavyovikuta chini ya miamba msiviguse wala msivisogeze kwa ajili ya picha. Mungomi bado ni mahali pa tambiko, watu wanaombea mvua na tiba pale.

Halafu yale makorongo mekundu ya Haubi. Mmeyasifia kama maajabu ya jiolojia, mkawashauri wapandaji "wakate moja kwa moja" kushuka ili kuokoa muda. Maajabu ya jiolojia ni mipasuko ya Bonde la Ufa iliyoikata miamba ile na kuiacha imesimama vibamba vibamba. Makorongo ni jeraha. Ni udongo uliochukuliwa na maji baada ya miti na majani kuisha, na kwa ajili yake mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianzishwa mwaka 1973, na mwaka 1979 watu wa huku wakaambiwa waondoe mifugo yao yote kwenye eneo lililomomonyoka. Ng'ombe wa watu waliondolewa ili majani yarudi! Sasa mnapeleka viatu. Njia ya miguu inayoshuka wima kwenye udongo ule inakuwa mfereji kwa mvua za msimu mmoja tu, na mfereji ukishaanza haurudi nyuma, kila Desemba unaongeza kina. Njia inatakiwa izunguke mteremko kwa kukunja kona, na kila hatua kumi na tano hivi ilazwe safu ya mawe mshazari, yazikwe nusu, yatupe maji pembeni kwenye majani. Atakayekata kona anaifuta kazi yote hiyo kwa dakika moja.

Ninachoomba ni hiki. Chapeni picha nyingine ya Kolo, kavu, ukurasa uleule, ukubwa uleule, na chini yake mwandike kwamba ile ya kwanza ilimwagiwa maji. Na pale ofisi ya Kolo, wageni wanapojiandikisha na kupewa mwongozo kabla ya kwenda kilimani, yawekwe mashuka meupe ya pamba, kila kundi lipande na moja. Watu wawili wanasimama juani, hatua nne kutoka ukutani, wanalinyoosha shuka na kulilaza nyuma kidogo kidogo mpaka mwanga wake uangukie michoro. Wekundu unatoka wote, bila tone la maji. Ukuta wenyewe uwe kivulini. Jua likiupiga moja kwa moja rangi inapauka. Mwenye simu anaweza kutumia DStretch, programu iliyotengenezwa kwa kazi hii hasa, inayovuta rangi ambazo macho hayazioni. Maji wayanywe, lita mbili kwa kila mtu, maana kufika saa nne mwamba umeshashika moto.

Shuka liwe jeupe tupu. Lenye maua linatupa rangi yake ukutani, na picha itadanganya.

Msomaji wenu,
Kondoa