Umri wa dunia usiwe kipimo cha wokovu

Mhariri,

Naomba nafasi niseme jambo linalowagusa vijana wengi wa makanisa ya hapa Nairobi. Mimi ni mlezi wa vijana kanisani. Naamini Mungu aliumba mbingu na nchi, wala sioni haya kulitamka hilo popote. Lakini yapo mahubiri yanayodai kwamba anayekubali dunia kuwa na zaidi ya miaka 6,000 ameikana Biblia. Kwetu, tulipopanga kuwapeleka vijana Makumbusho ya Taifa, baadhi ya wazazi walikataa katakata. Hawakutaka watoto wao wamwone Kijana wa Turkana, mabaki ya binadamu wa kale aliyoyagundua Mkenya Kamoya Kimeu mwaka 1984 kule Nariokotome, kwa kuwa wangeambiwa yana umri wa miaka milioni 1.5 hivi. Si mara ya kwanza: mwaka 2006 baadhi ya viongozi wa makanisa walipinga mabaki hayo hayo kuonyeshwa hadharani.

Hiyo miaka 6,000 imetoka wapi? Hakuna mstari wa Biblia unaoitaja. Watu walijumlisha umri wa mababa katika Mwanzo 5 na 11, wakaongeza miaka ya wafalme. Aliyevuma zaidi ni James Ussher, askofu mkuu wa Armagh kule Ayalandi, aliyetangaza mwaka 1650 kwamba uumbaji ulikuwa Oktoba 4004 KK. Baadaye hesabu yake ikachapishwa pembeni mwa kurasa za Biblia za Kiingereza, na wasomaji wakaizoea kana kwamba ni sehemu ya Neno. Ila Wayahudi, kwa vizazi hivyo hivyo, huanzia 3761 KK, na Wakristo wa Konstantinopoli, waliofuata tafsiri ya Kigiriki ya Agano la Kale, walianzia 5509 KK. Hapo pana pengo la zaidi ya miaka 1,700. Ni nani kati yao tumwambie hajaokoka?

Tena swali hili halikuletwa na wanasayansi wa juzi. Origene wa Aleksandria, mwalimu wa kanisa na Mwafrika wa karne ya tatu, aliuliza ni mtu gani mwenye akili atakayedhani kulikuwa na jioni na asubuhi siku tatu kabla jua halijaumbwa. Askofu Agostino, naye wa bara letu hili, alidhani dunia haijatimiza miaka 6,000. Hata hivyo alionya vikali kwamba Mkristo akisema upuuzi kuhusu nchi na nyota mbele ya wasioamini wanaojua mambo hayo, watamdharau na hawatayaamini Maandiko yanapowaambia juu ya ufufuo. Onyo hilo lina miaka 1,600, na ndilo ninaloliona likitimia kwa vijana wetu wanaoingia chuo kikuu.

Majengo mengi hapa jijini, makanisa yakiwemo, yamejengwa kwa mawe ya Ndarugu. Lisogelee jiwe lenyewe ulitazame. Ni jivu la volkeno lililoshuka likiwa moto na kushikamana. Ndani yake kuna vijiwe vyepesi na punje zinazometa. Punje kama hizo huwa na potasiamu, na sehemu ndogo ya potasiamu hiyo hupungua polepole, nusu yake kwa kila miaka bilioni 1.25, na baadhi ya hiyo inayopungua hugeuka kuwa gesi ya agoni. Mwamba ukiwa uji wa moto, gesi hutoroka, ukiganda, inanaswa. Anayepima gesi iliyonaswa pamoja na potasiamu iliyobaki anajua mwamba uliganda lini. Ndivyo yalivyopimwa matabaka ya majivu ya Olorgesailie, barabara ya Magadi, ambako mashoka ya mawe yamelala kati ya matabaka yenye umri wa mamia ya maelfu ya miaka. Mwaka 1956 mwanasayansi Mmarekani Clair Patterson, akipima madini ya risasi yaliyomo katika vimondo, alipata umri wa dunia kuwa miaka bilioni 4.55, na hesabu hiyo imesimama hadi leo.

Wapo wanaojibu kwamba Mungu aliumba mawe yakiwa tayari yanaonekana makuukuu. Jibu hilo linaniumiza kuliko yote. Hesabu 23:19 inasema, "Mungu si mtu, aseme uongo." Iweje aandike uongo katika kazi ya mikono yake? Wengine huishambulia njia ya kaboni, nao wanapiga pasipo adui: kaboni hupima mkaa na mifupa isiyozidi miaka 50,000 hivi, wala hakuna anayeitumia kupima umri wa dunia.

Katika Imani ya Mitume tunaungama Muumba wa mbingu na nchi. Alama pekee ya enzi humo ni jina la Pontio Pilato, aliyetawala Yesu aliposulubiwa. Mababa wa kanisa hawakuona haja ya kuongeza nyingine kuhusu uumbaji, nasi hatuna mamlaka ya kuiongeza.

Ombi langu kwa wachungaji wa jiji hili ni moja. Kabla ya kuhubiri tena juu ya jambo hili, muiteni Mkristo aliyesomea jiolojia, mumpe saa nzima mbele ya vijana, nao wamuulize wanalotaka. Wako hapa Nairobi, na wengine tunasali nao kila Jumapili wakiwa kimya, wakiogopa kuitwa waasi. Na wazazi wenzangu, safari ya makumbusho bado ipo. Njooni nasi msikie watakayoambiwa.

Mlezi wa vijana,
Umoja, Nairobi