Barua ya wazi kwa Waziri wa Kilimo, Kaunti ya Mombasa: kabla hamjanunua apu nyengine

Asalaam aleikum Mheshimiwa,

Najua watu wakisikia mkulima wa Mombasa hucheka kwanza, ati Mombasa kuna nini cha kulima na kote ni fleti na makontena, lakini wewe wajua na mimi najua kwamba ukiipita Bamburi ukaingia ndani Mwakirunge, ama ukivuka feri ukaenda zako Mtongwe mpaka Shika Adabu, wako watu wanalima mchicha, mabenda, muhogo, mahindi, wana minazi na miembe na kuku wao, na wengine hio ndo kazi pekee walionayo. Mimi ni mmoja wao.

Nakuandikia kuhusu hii mambo ya kuwapa wakulima ushauri kwa simu, yani kuchati na roboti kwa WhatsApp ama kutumiwa esemesi za mvua. Siku hizi kila mfadhili akija yuaja nayo kwa laptopu. Sasa nisieleweke vibaya, mimi naitaka hio kitu, naitaka sana. Ninaloomba ni moja tu, pesa zikipatikana zisiishie kwa apu mpya na fulana za uzinduzi, ziende kwa utabiri wa hapa petu na kwa mtu wa kujibu tukiuliza.

Nianze na mvua manake hio ndo hutumaliza. Kitaifa twaambiwa mvua ndefu ni Machi hadi Mei, na bara huko Aprili ndo kilele. Huku kwetu sivyo. Machi waweza kuimaliza yote na mawingu tu na lile joto la kaskazi ikijiishia, mpaka upepo ugeuke uwe kusi ndo masika yashike, na Mei ndo mwezi wenye mvua nyingi kuliko yote Mombasa, kisha huendelea Juni na saa zengine hata Julai, wakati Nairobi wao washavaa masweta na mvua yao ishakatika kitambo. Watu wa Idara ya Hali ya Hewa hili walijua zamani, kwa utabiri wao Pwani huiweka kando na mikoa mengine, na tangu ugatuzi uje kila kaunti ina mkurugenzi wake wa hali ya hewa. Kwa hivyo elimu ipo. Inapotea njiani. Ujumbe ukishafika kwa simu ya mkulima ushakua wa Kenya nzima, "tayarisha shamba, panda mapema", na huyo mapema ni mapema ya wapi hatwambiwi.

Matokeo yake wayaona kila mwaka. Mwisho wa Machi yaanguka mvua siku mbili tatu, nzuri kabisa, mtu apanda, mahindi yachipua yafika kidole, alafu jua lawaka wiki mbili tatu na hakuna tena shamba hapo. Wazee walitwambia mvua ya kwanza ndo ya kupandia. Sasa ukiwafuata waweza kununua mbegu mara mbili msimu mmoja, na siwalaumu wazee, misimu yenyewe imeharibika, tumetoka kwa ule ukame wa 2020 mpaka 2022 ambapo mvua zilikataa msimu baada ya msimu, tukaingia El Nino ya 2023 ambayo Novemba ilitufanya tutembee na maji magotini.

India mwaka 2025 serikali yao ilifanya kitu ambacho nataka uwaulize wataalamu wako wakueleze vizuri. Wakulima kama milioni 38 walitumiwa ujumbe kwa simu kuwaambia mvua ya msimu kwao itaanza lini hasa, sio itakua nyingi ama kidogo, LINI, na wakaambiwa mapema kwamba mvua ikishaanza itasimama katikati kwanza ndo iendelee, na kweli ilisimama. Hilo ndo swali la mkulima. Mimi ukiniambia msimu utakua "wastani kwenda juu kidogo" sijui niifanyie nini hio habari, wastani wa nani, lakini ukiniambia hii mvua ya leo ni ya kupita usimwage mbegu, nimekuelewa na nimelala.

Na utabiri wenyewe ukifika kwa magrupu yetu huja umeforwadiwa na mtu, ni PDF, Kizungu, ramani ya rangi, na hilo faili lamaliza bando la mtu kabla hajajua kijani ni mvua ama ni msitu. Tuseme nyinyi mngetuma hivi:

"Mwakirunge: mvua ya wiki hii ni ya kupita. Uwezekano wa mvua ya kushika kabla ya 10 Aprili ni 3 kwa 10. Mbegu ngoja. Jibu 1 kuongea na afisa."

Namba hapo nimezibuni mimi, za kweli wanazo wenyewe. Lakini angalia, imetaja wadi, imetaja tarehe, imesema uwezekano kwa njia ambayo hata mama yangu ataelewa, imesema la kufanya, na imeacha mlango wa kuuliza. Na yote hio imeingia kwa esemesi moja ya herufi 160. (Mwambie kijana wa IT asitie vile vikatuni vya jua na wingu, ukitia kimoja tu esemesi yashuka kutoka herufi 160 mpaka 70, mtalipia mbili au tatu bure.) Ukikosea nako usinyamaze, tuma tena useme tulisema hivi imekua vile. Watu husamehe utabiri uliokosea, yule aliyeingia mitini ndo hawamsikizi tena.

Sasa nije kwa hizi roboti za kuchati. Niliuliza moja, jina naliacha, mahindi gani nipande. Ikanijibu kwa Kiswahili safi kabisa, mkulima mpendwa na salamu juu, ikanipa mbegu ya nyanda za juu, zile za kina Kitale, zinazokaa shambani miezi sita na zaidi na zinataka baridi. Hapa! Na joto hili! Sisi tuna Pwani Hybrid, PH1 na PH4, zilitolewa kwa ajili ya joto la huku na zaiva mapema, na KALRO Mtwapa, watafiti wa kilimo wa serikali, wako hapo ukivuka daraja tu. Roboti haikuniuliza niko wapi. Mtu mgeni kwa kilimo angeenda agroveti na hilo jibu lake kwa simu akanunua.

Kibaya zaidi ni dawa. Mchicha wetu wakaa wiki tatu hivi umeshavunwa, na anayelima aangalia bei ya soko la Kongowea si kalenda, kwa hivyo roboti ikimwambia "pulizia dawa fulani" bila kumwambia asubiri siku ngapi ndo avune, ile mboga itapuliziwa Jumatatu na Jumatano iko kwa sufuria ya mtu Majengo. Hili nakuomba liwe sharti la kwanza kabisa, hakuna ushauri wa dawa kwa simu ambao haujafuata yaliyosajiliwa na bodi ya kitaifa ya dawa za wadudu, na siku za kusubiri zitajwe kila mara, kama haijui iseme haijui na impigie afisa.

Sisemi zote ni mbovu. Iko apu ya Nuru ya PlantVillage, wapiga picha jani la muhogo na hata bila intaneti yakwambia kama ni ugonjwa wa batobato, na inaongea Kiswahili. Nzuri. Lakini ukishaambiwa muhogo wako umeugua ndo nini? Dawa hakuna. Na ule ugonjwa mwengine wa muhogo, michirizi ya kahawia, waweza kukaa majani yaonekana mazima kumbe chini muhogo umeshaoza kikahawia, ni ugonjwa wa ukanda huu wetu wa Pwani, ulielezwa Tanganyika tangu miaka ya 1930, si mgeni. Kinga yake ni vijiti safi vya kupandia, na swali ni vijiti safi vyapatikana wapi, kwa nani, kwa pesa ngapi, wiki hii. Hapo roboti yote duniani inanyamaza, hapo yatakiwa mtu wa Mombasa anayejua nani ana shamba la mbegu na nani kakosa.

Na huyo mtu tunaye, ni afisa wa kilimo wa wadi. Wachache najua, pikipiki haina mafuta najua. Ndo maana nasema simu imsaidie yeye. Maswali mia ya mchicha kuliwa na wadudu yajibiwe na roboti, sawa, lile moja gumu limfikie yeye na picha na jina la kijiji, na mkulima aambiwe lini atajibiwa. Mkiweka roboti halafu mkapunguza maafisa kwa sababu roboti ipo, basi mtakua mmetuharibia.

Kuna faida yenu nyinyi pia hapo na sijui kama walioiandika hio miradi wameiona. Nzi wa matunda anayetuharibia maembe, huyu alieenea sehemu kubwa ya Afrika, alionekana mara ya kwanza barani hapa hapa Kenya mwaka 2003. Wale viwavi jeshi vamizi wa mahindi (fall armyworm) waliingia Kenya 2017, na ile huduma ya wizara ya kitaifa ya esemesi za bure, MoA-INFO, ilikuja 2018 watu washalia msimu mzima. Sasa fikiria kama wakulima wangekua na namba moja ya kutuma picha, wakatuma watu kumi wa Mtongwe wiki moja mdudu yule yule, ofisi yako ingejua kabla ya gazeti. Ila hilo lataka mtu asome zinazoingia. Huduma nyingi nilizoziona zajua kutuma tu, ukijibu waandikiwa "samahani, hatukuelewa", na mwisho watu waacha.

Mambo ya simu zenyewe nitapita haraka. Wengi hapa wana kabambe, zile simu ndogo za vibonyezo, kwa hivyo msiweke kila kitu WhatsApp, ile ya kubonyeza nyota na reli bado yafanya kazi bila bando. Kina mama ndo wanaolima lakini laini mara nyingi ni ya baba watoto, ujumbe wasomwa na asielima, afadhali mpige simu ya sauti iliyorekodiwa, na ipigwe baada ya Isha watu wakiwa nyumbani, sio saa nne asubuhi simu iko dukani yachajiwa. Sauti iwe ya Kiswahili cha huku, na Kigiriama na Kidigo pia. Tusiitishwe namba ya hati ya shamba kujisajili, nusu yetu ni maskwota na hio hadithi waijua vizuri. Na namba zetu, kwani hamna? Tulishaandikishwa kwa mbolea ya ruzuku ya shilingi 2,500, esemesi za mbolea zilifika mpaka kwa wazee wasioenda mjini. Ombeni hio orodha kwa utaratibu wa sheria ya data ya 2019 badala ya kutupanga foleni tena, na mkubali kwa maandishi kwamba haitaenda kwa wauza mikopo. Baada ya ile kashfa ya mbolea feki ya 2024 mtu akipata ujumbe wa kilimo hujiuliza kwanza nani anataka kuniuzia nini, kwa hivyo kila ujumbe useme umetoka ofisi gani na tarehe gani, na usitaje duka la mtu.

Kwa ufupi wa kazi, hivi ndo ningeanza kama ningekua mimi. Wadi mbili tu, Mwakirunge na Shika Adabu. Kabla ya masika mkae chini mkurugenzi wa hali ya hewa, watu wa KALRO Mtwapa, maafisa wa wadi, wakulima, na muwaite wavuvi pia manake hao habari ya upepo kugeuka wanaijua kuliko sisi sote. Mkubaliane maneno ya kutumwa. Mtume, mjibu, mwisho wa msimu mhesabu waliopanda mara mbili ni wangapi na maswali mangapi yalikaa bila jibu. Hesabu hio itundikwe ofisi ya wadi, iwe nzuri ama mbaya. Ikifaa mpeleke kwengine, na majirani zetu wa Kwale na Kilifi wanalima kuliko sisi, watakuja wenyewe kuuliza.

Jibu lako Mheshimiwa naomba lisomwe Pwani FM ama Radio Rahma, jioni, manake wengi ninaowaandikia hii barua hawaingii huku mtandaoni. Na tafadhali lije kabla ya Machi, mbegu twanunua Februari.

Wako,
Mkulima wa mchicha, Mwakirunge