Beseni la dagaa lina kilo ngapi?

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua. Mimi ni mama wa miaka hamsini na minne, mkazi wa mwambao wa Ziwa Tanganyika mkoani Kigoma. Dagaa nimeanika tangu usichana, na kwa miaka tisa sasa ndiye ninayeshika daftari la takwimu la BMU, yaani kikundi cha kusimamia uvuvi, ya mwalo wetu. Alfajiri mitumbwi ikirudi nasimama mchangani na kalamu, naandika chombo ni cha nani, kimekuja na nini, mabeseni mangapi, yameuzwa bei gani. Posho yake haitoshi hata sabuni ya mwezi. Lakini kazi nimeizoea, na daftari langu simwachii mtu.

Redioni nasikia mara kwa mara kwamba nchi zenye ziwa hili zinashirikiana vizuri katika uvuvi. Sipingi. Ila nina swali ambalo nimelibeba tangu ziwa lifunguliwe mwaka 2024 baada ya kufungwa kwa uvuvi, na sijapata wa kulitua kwake: hao wakubwa wakikaa mezani kulinganisha mavuno ya nchi moja na nyingine, wanalinganisha kwa kipimo gani?

Wasomaji walio mbali na huku wajue kwanza kwamba ziwa hili lina wenyewe wanne. Kongo ina asilimia 45 ya eneo lake, sisi Tanzania 41, Burundi 8 na Zambia 6. Mkataba wa kulitunza kwa pamoja ulisainiwa Dar es Salaam tarehe 12 Juni 2003, na ukazaa Mamlaka ya Ziwa Tanganyika yenye makao yake Bujumbura. Mwishoni mwa 2021 nchi hizo zikakubaliana hatua za pamoja za uvuvi, na kubwa kuliko zote ni kufunga ziwa miezi mitatu, katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti. Kwetu lilifungwa kwa mara ya kwanza mwaka 2024.

Mimi niliunga mkono, na niligombana na watu wa nyumbani kwangu kwa sababu hiyo. Dagaa wetu ana umri mfupi, haishi sana zaidi ya mwaka mmoja, na anaanza kuzaa akiwa na miezi michache tu. Kumwachia miezi mitatu ni kumwachia robo ya maisha yake. Na migebuka anaishi kwa kumla dagaa, kwa hiyo ukimwokoa mmoja umemlisha mwingine. Hayo niliyaeleza mwaloni mpaka sauti ikakauka.

Tukafunga. Chanja zangu za kuanikia dagaa zikakaa wazi, mbuzi wakawa wanalala chini yake. Nikakaanga mihogo kando ya barabara. Jirani yangu mmoja, mvuvi, aliuza mashine ya boti ili mtoto arudi shule, na ziwa lilipofunguliwa akawa kibarua kwenye chombo cha mwenzake. Sisemi haya ili nihurumiwe. Nasema ili ijulikane kwamba miezi ile ina bei, na aliyelipa ana haki ya kuona risiti.

Sasa sikia risiti ilivyoandikwa. Ziwa limefunguliwa katikati ya Agosti, siku ya nne au ya tano hivi napigiwa simu na ofisa ambaye sitamtaja, wa ofisi ambayo sitaitaja. Salamu zikaisha, akauliza: "Mama, mavuno yameongezeka?" Nikamwambia, baba, hebu ngoja, huu ni mwezi. Akadhani nasema habari za mshahara. Nikamfafanulia kwamba nasema mwezi wa angani. Mwaka ule mwezi mpevu ulikuwa tarehe 19 Agosti. Sisi tunavua dagaa usiku kwa taa. Zamani karabai, siku hizi taa za betri na sola. Taa inawavuta dagaa pale penye giza. Mbalamwezi ikiwaka ziwa zima linakuwa taa, dagaa hawana sababu ya kukusanyika kwako, na vyombo vingi havitoki kabisa. Kwa hiyo siku zile za mwanzo kila chombo kilikuwa kinajaribu bahati tu. Giza lenyewe lingekuja mwisho wa Agosti na mwanzo wa Septemba. Nikamwomba anipigie wakati huo.

Akasema anahitaji jibu leo. Nikasikia anaandika. Sijui aliandika nini, lakini mimi "yameongezeka" sikusema.

Hebu fikiria mwenzangu wa Mpulungu kule Zambia, au wa Kalemie kule Kongo, kapigiwa simu wakati wa giza. Yeye anasema mabeseni hamsini, mimi nasema manne. Mezani itaonekana Zambia samaki wamerudi, Kigoma hawajarudi. Kumbe tofauti ni mwezi.

Na hata mwezi ukiwa mmoja, kuna hilo beseni. Mwaka jana nilimwomba mfanyabiashara mmoja aniazime mizani yake kwa asubuhi moja. Nikapima beseni lililojazwa mpaka ukingoni na kusawazishwa kwa mkono: kilo 22. Nikapima beseni lile lile likiwa na lumbesa, dagaa wamepandishwa kichuguu jinsi wanunuzi wa jumla wanavyotaka: kilo 31. Beseni moja, plastiki moja, rangi ya bluu! Kwenye daftari langu yote mawili yameandikwa "beseni 1" miaka yote hiyo. Nilikaa chini kwenye ngalawa iliyopinduliwa nikajisikia vibaya sana, kama mtu aliyegundua kwamba saa yake ya ukutani ilikuwa ikidanganya siku zote naye akiiamini.

Tangu siku hiyo nimechora safu mpya: L kwa lumbesa, S kwa sawa. Hakuna aliyeniagiza. Fomu ninayopewa haina safu hiyo, na wala haina ya mwezi.

Tukivuka maji mambo yanazidi. Samaki tunayemwita migebuka, Burundi ni mukeke, Zambia ni bukabuka. Dagaa kwa Warundi ni ndagala. Wazambia wanasema kapenta, na ndani ya kapenta wamo dagaa wa aina mbili ambao sisi waanikaji tunawatenga kwa macho, maana hawakauki sawa wala hawana bei moja. Mtu akijumlisha kapenta ya kule na dagaa wa huku, amejumlisha nini? Majina si tatizo, kila watu na lugha yao. Tatizo ni kama kwenye fomu hakuna anayejua nani ni nani.

Wataalamu wenyewe wamewahi kulionja tatizo hili. Makadirio ya samaki waliovuliwa kwenye ziwa zima kwa mwaka, miaka ya mwanzo ya 1990, yanatajwa kuwa kati ya tani 165,000 na tani 200,000. Kati ya namba hizo mbili kuna pengo la tani 35,000. Mimi sina shahada, lakini najua kwamba ukitaka kupima kama miezi mitatu ya kufunga imeongeza samaki, na pengo lako la kukisia ni kubwa namna hiyo, faida yote inaweza kulala humo ndani usiione.

Kuhesabu kwa pamoja kunawezekana. Mwaka 1995 nchi zote nne zilifanya sensa ya uvuvi kwa wakati mmoja kuzunguka ziwa lote. Zikahesabu mialo 786 na wavuvi karibu 45,000. Mwaka 2011 ikafanyika nyingine, wavuvi wakakutwa wamepita 90,000. Yaani ndani ya miaka kumi na sita wameongezeka mara mbili. Namba hizo mbili zimewafanya wakubwa waamke kuliko hotuba yoyote, kwa sababu zilihesabiwa kwa namna moja pande zote na hapakuwa na wa kusema "kwetu sivyo".

Na majirani zetu wa Ziwa Victoria wametutangulia. Wao ni watatu tu, Kenya, Uganda na Tanzania. Walisaini mkataba wao Kisumu mwaka 1994 na shirika lao la uvuvi liko Jinja. Wana ugomvi wao mwingi, nani asiyejua habari za Migingo, kisiwa kidogo kuliko uwanja wa mpira ambacho Kenya na Uganda wanakigombania. Lakini katikati ya ugomvi huo wameendelea kuhesabu vyombo na nyavu kwa utaratibu mmoja nchi zote tatu. Sangara akipimwa Mwanza na akipimwa Kisumu, rula ni moja. Na watu wanaweza kununiana na bado wakatumia rula moja.

Kuna jambo lingine linalonifanya niogope kukisia. Kusi likivuma, kuanzia Mei hadi Septemba hivi, linasukuma maji ya juu yenye joto kuja kaskazini, na kule kusini maji baridi ya chini yanapanda na rutuba inayolisha viumbe ambao dagaa anawala. Ziwa ni refu, zaidi ya kilomita 670, kwa hiyo neema haifiki kila mahali siku moja. Juu ya hapo watafiti wameonyesha kwamba maji yamepata joto kwa miongo kadhaa sasa na hayachanganyiki kama zamani, rutuba inabaki chini. Maana yake ni nini? Kwamba dagaa wanaweza kupungua hata wavuvi wakiwa watiifu kama masista. Wakipungua mwaka mmoja baada ya kufunga, wapo watakaosema kufunga hakufai, tufungue. Na wakiongezeka kwa sababu ya upepo mzuri tu, wapo watakaosema tuongeze mwezi wa nne. Maamuzi yote mawili yataangukia chanja zangu. Bila namba za kuaminika kutoka pande zote nne, atakayeshinda ni mwenye sauti kubwa.

Kuhusu vizimba vya kufugia samaki, ambavyo tumeambiwa ndivyo vitakavyotushika mkono wakati wa kufunga, nina neno moja tu. Ziwa hili lina samaki ambao hawapo popote pengine duniani. Kabla mtu hajaleta vifaranga vya sato kutoka kwingine, nchi zote nne zikubaliane ni mbegu gani inaruhusiwa majini, kwa sababu kizimba kikichanika Burundi, samaki hao watakuwa Kigoma kabla ya taarifa yake. Basi, hilo nawaachia wanaolijua.

Ninachoomba hakihitaji fedha za wafadhili. Fomu moja kwa mialo yote ya ziwa, yenye kilo badala ya beseni, au angalau yenye kusema beseni hilo ni la namna gani. Iwe na safu ya mwezi: giza au mbalamwezi. Iwe na majina ya samaki ya pande zote nne yamepangwa mstari mmoja, ili mukeke na bukabuka wajulikane kuwa ni ndugu mmoja. Mizani moja ya kuning'iniza kwa kila mwalo. Na matokeo yarudi. Yabandikwe ukutani pale tunapolipia ushuru, mwaka kwa mwaka, nchi kwa nchi, tuyasome.

Yabandikwe kwa Kiswahili pia. Mkataba wa 2003 umeandikwa kwa Kiingereza na Kifaransa, na mimi zote mbili ni mgeni. Lakini mama anayenunua dagaa Uvira naongea naye Kiswahili, wa Kalemie Kiswahili, wa bandarini Bujumbura Kiswahili, tunakopeshana na kudaiana kwa Kiswahili. Lugha tunayodaiana kwayo haiwezi kushindwa kutuambia samaki wangapi wamevuliwa.

Kuna mzee mmoja mvuvi hapa kwetu, ana mtumbwi tangu enzi za karabai, ambaye kila akipita ninapoandika hunichungulia begani. Juzi akaniuliza, "Mama, ile miezi mitatu tulinunua nini?" Nikamfungulia daftari. Nikamwonyesha kurasa za giza la Septemba na Oktoba 2024, nikamwonyesha giza la miezi hiyo hiyo mwaka mmoja kabla. Akasogeza kidole taratibu chini ya namba, akafika mwisho wa ukurasa, akauliza kama hayo mabeseni ya zamani yalikuwa na lumbesa. Nikamwambia sikumbuki. Akafunga daftari mwenyewe, akanirudishia.

Daftari hili ni la tatu na limebakiza kurasa kumi na moja. La nne nimeshalinunua, nimeshalichora safu, na safu ya tano kutoka kushoto ni ya mwezi. Kama yuko ofisa wa upande wowote wa ziwa anayetaka kuliona, anitafute mwaloni asubuhi kabla ya saa mbili. Baada ya hapo nakuwa kwenye chanja.

Mama Mkusanya Takwimu,
Kigoma
(Jina langu unalo, Mhariri; naomba lisichapwe.)