Barua ya wazi kwa Mwendesha Mashtaka wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai (ICC): na walioshinda vita je?

Mheshimiwa Mwendesha Mashtaka,

Nakuandikia kuhusu watu ambao ni nadra kuwaona kizimbani: walioshinda vita.

Nianze na Nuremberg, kesi ya viongozi wa Kinazi wa Ujerumani baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Hati ya mashtaka ya mwaka 1945 ilidai kuwa Wajerumani waliwaua maafisa 11,000 wa Poland, mateka wa vita, katika msitu wa Katyn mnamo Septemba 1941. Dai hilo lililetwa na Wasovieti, ilhali wauaji walikuwa polisi wao wenyewe wa siri, mwaka 1940. Maiti zilipofukuliwa, mifukoni mlikutwa barua na shajara, na tarehe zake zilikoma mwaka huo huo, mwaka mzima kabla Wajerumani hawajafika huko. Majaji, mmoja wao Msovieti, walisikiliza mashahidi Julai 1946, kisha wakasoma hukumu bila kuitaja Katyn hata kwa neno moja. Kama si Wajerumani, basi nani? Hawakuuliza. Wajane wa Poland walingoja hadi 1990 ndipo Moscow ikakiri.

Simtetei Göring, kiongozi wa Kinazi aliyeshtakiwa huko, wala wenzake. Nyaraka zao wenyewe ziliwahukumu.

Arusha nako, mahakama ya Umoja wa Mataifa iliyoshughulikia mauaji ya Rwanda ya 1994 ilifanya kazi kubwa. Hukumu ya Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya nchini Rwanda, Septemba 1998, ilikuwa ya kwanza ya mahakama ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa mauaji ya kimbari. Mauaji ya Watutsi hayana ubishi, na asije mtu akaitumia barua hii kuyapunguza. Lakini mahakama ile ilipewa mamlaka juu ya pande zote, na kati ya washtakiwa wake 93 hakuna hata mmoja aliyetoka jeshi la RPF, waasi walioshinda vita na kutwaa madaraka Kigali.

Ofisi yako pia ina deni. Laurent Gbagbo, rais wa zamani wa Côte d'Ivoire, alipelekwa The Hague mwaka 2011, akaachiwa huru 2019. Wapiganaji wa upande uliomwangusha, walioshutumiwa kwa mauaji ya mji wa Duékoué nchini humo, hawajasimama mbele ya majaji wako.

Sababu naielewa. Huna polisi. Viza, ulinzi, njia ya kufika makaburini, vyote viko mikononi mwa aliyeshinda, na ukimgusa anafunga mlango. Mwaka 2002 Kigali ilibana safari za mashahidi, na kesi za Arusha zikakwama.

Ndiyo maana nakuomba usisubiri hisani yake. Siku unapofungua jalada la walioshindwa, fungua na la walioshinda, kwa wapelelezi wale wale. Wahoji mashahidi sasa, kabla hawajatishwa au kufa. Na ukiamua kutomshtaki mshindi, chapisha sababu zako katika lugha ambayo waliofiwa wanaisoma, ili wajue kama ushahidi ulikosekana au ni mlango uliofungwa.

Wako,
Mfuatiliaji wa kesi zako