Hizo si nyayo za jini, Bwana Mhariri

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi kidogo nitoe dukuduku langu. Gazeti lako nalisoma tangu ujana wangu na sijawahi kukuandikia hata mstari, si kwa kuwa sikuudhika, ila nilikuwa na duka la kuangalia. Sasa duka nimewaachia watoto. Muda ninao.

Ni ile habari yenu ya Jumanne, Oktoba 21. Hukuisahau: picha kubwa ya vijana waliopakana poda nyekundu na kijani mpaka meno, na chini yake, "Wahindi wakisherehekea Diwali". Ile ni Holi, sikukuu ya rangi, bwana. Holi huja mwezi wa Machi, mwezi ukiwa mpevu. Diwali huja Oktoba au Novemba, usiku wa giza usio na mwezi hata ukucha, na ndiyo maana tukawasha taa. Ni kama mimi nichapishe picha ya mbuzi wa Idi Kubwa akichinjwa, niandike chini yake "Waislamu wakifuturu". Simu zingelia kwenu wiki nzima.

Halafu hilo neno "Wahindi". Wahindi gani? Wazee wa Mji wa Kale walionilea walijua kutenganisha: Baniani alikuwa Baniani, Khoja Khoja, Bohora Bohora, Kalasinga Kalasinga, na Mgoa alikwenda zake kanisani. (Ile methali ya Baniani na kiatu chake naijua, msinitumie. Nimeisikia tangu darasa la kwanza na kiatu changu hakijamponya mtu.) Bohora ni Mwislamu, hana Diwali. Kalasinga, yaani Sikh, huwasha taa msimu huo huo, lakini kwa sababu yake: Guru wao wa sita, Hargobind, alipotoka kifungoni katika ngome ya Gwalior akatoka na wafalme wadogo 52. Wajaini, wenye lile hekalu jeupe la marumaru ambalo kila mara mnaliita la Wahindu, humkumbuka Mahavira, mwalimu wao mkuu, aliyefariki usiku huo kule Pavapuri. Mwaka 2017 serikali ilipotutambua sisi wenye asili ya Asia kuwa kabila la 44 la Kenya nilifurahi kama mtoto. Kumbe kwenu nyinyi kabila zima ni mtu mmoja, tena kapakwa poda.

Mwandishi wenu anasema hii ni sikukuu ya "mungu wa taa". Nina miaka 71 na mungu huyo sijatambulishwa. Jina kamili ni Dipavali, maana yake safu ya taa, na sababu za kuziwasha hazilingani toka jimbo hadi jimbo. Watu wa kaskazini ya India husema wenyeji wa Ayodhya walimwangazia njia Rama alipowarudia baada ya miaka 14 ya uhamisho, akiwa ameshamuua Ravana, mfalme wa Lanka, na kumkomboa mkewe Sita. Watamili huamka kabla ya alfajiri, wakajipaka mafuta ya ufuta na kukoga, kwa ajili ya mungu Krishna aliyemuua jitu Narakasura. Kwa Wabengali usiku huo ni wa mungu wa kike Kali. Sisi Wagujarati tumemshika Lakshmi, mungu wa kike wa neema, kwa kuwa ni watu wa duka, tufiche nini. Tena si siku moja. Kuna Dhanteras siku ya kwanza, kuna Kali Chaudas, Diwali yenyewe, Bestu Varas ambayo ndiyo mwaka mpya wetu, na Bhai Bij, siku ya dada kumlisha kaka.

Na msiniambie mambo haya ni magumu kuyapata. Al-Biruni, mwanachuoni wa Kiislamu, kwenye mwaka 1030 hivi, aliandika kwa Kiarabu kwamba siku hiyo watu wa India hukoga, huvaa vizuri, hupelekeana tambuu na popoo, na usiku huwasha taa kila mahali. Akamtaja Lakshmi, akamtaja na mfalme Bali ambaye hufunguliwa kifungo chake chini ya ardhi siku hiyo tu. Tambuu na popoo, Bwana Mhariri! Yapata miaka elfu, hana simu, na bado amemshinda mwandishi wenu, ambaye toka ofisini kwake hadi hekaluni ni nauli ya tuktuk.

Lililoniuma zaidi ni mwandishi wenu kusema kuwa "huabudu pesa". Baba yangu kila Diwali alifunga duka magharibi, akatandika shuka jeupe juu ya meza ya kukatia vitambaa, akafungua daftari jipya la hesabu, lile la jalada la kitambaa chekundu. Ukurasa wa kwanza aliandika neno "Shri" mara moja, chini yake mara mbili, chini yake mara tatu, likashuka kama paa la nyumba. Upande mmoja "Shubh", upande wa pili "Labh": heri na faida. Juu ya karatasi aliweka jani la tambuu, popoo na sarafu. Sarafu moja. Kisha madeni yaliyokataa kulipwa aliyahamishia daftari jipya, na uso wake wakati huo ulikuwa wa mtu aliyefiwa, si wa mtu anayeabudu pesa. Kule kwao Kachchh, Gujarati, mvua ndiyo zimekwisha, mavuno yametoka, na kaskazi iko njiani. Mfanyabiashara afunge hesabu lini, kama si kabla majahazi hayajang'oa nanga kuja huku? Siku hizi mwanangu hupaka kumkum, ile poda nyekundu ya ibada, juu ya laptopu. Sawa, lakini madeni bado yale yale.

Sasa nikueleze kilichonishikisha kalamu. Sisi tunakaa fleti, ghorofa ya nne. Jumatano, Oktoba 22, ilikuwa Bestu Varas, tumeingia mwaka wa 2082 (nyinyi mko 2025, na ukurasa wenu wa utamaduni uko nyuma zaidi). Mke wangu aliamka saa kumi alfajiri, na magoti yake hayo, akachora rangoli, pambo la sakafuni, mlangoni: ua la majani manane, na pembeni sathiyo, ile alama ya swastika ambayo Hitler alituharibia jina lake. Halafu nyayo. Nyayo za Lakshmi huchorwa hivi: unakunja ngumi, unachovya ubavu wa mkono katika unga wa mchele uliokorogwa na maji, unagonga chini, kisha kwa ncha ya kidole unaweka vidole vitano. Ukigonga kushoto na kulia unapata miguu midogo kama ya mtoto, toka ngazini hadi ndani kwetu, yote ikielekea ndani. Saa moja nikasikia ndoo. Kufungua mlango, msimamizi wa jengo ameinama na tambara, maji ya sabuni na jiki, ua limekwisha, sathiyo imekwisha, na taa zetu sita za udongo amezitupa ndani ya karai na samli yake. "Mzee, nisamehe," akasema, "watu wa ghorofa ya pili wamelalamika." Wamelalamika nini? Akatoa kwapani gazeti. Gazeti lako. Akanisomea kwa kidole, neno kwa neno: "Huchora alama za siri milangoni ili kuita mali." Mke wangu akamwambia, "Mwanangu, hizo ni nyayo za Lakshmi, anaingia na baraka." Kijana akamtazama kwa huruma kabisa. "Ndiyo hivyo, Mama. Ni huyo anayeingia ndiye watu wanayemwogopa." Nilitaka kukasirika nikashindwa, maana kwa namna alivyofahamishwa alikuwa akitulinda. Nyumba nzima ilinuka jiki mpaka adhuhuri, na mke wangu siku yake ya mwaka mpya hakuzungumza na mtu hadi wakati wa chai. Siri gani hiyo inayochorwa nje ya mlango, mahali pa kupita watu?

Nilipokuwa mtoto, alfajiri kama hiyo, watoto wa Kiswahili wa mtaani ndio walioamka kabla yetu. Kwetu, asubuhi ya mwaka mpya hununuliwa chumvi, tunaiita sabras, kwa ajili ya baraka. Walikuja na fumba la chumvi kwenye karatasi ya gazeti wakibisha mlango, nyanya akawapa sumuni na ghughra, andazi letu tamu, moja moja. Chumvi yenyewe, nilikuja kujua ukubwani, walikuwa wakiichota kwa mama zao.

Na kwa kuwa nimeshaanza, nimalize na vijana wetu wenyewe, nisije nikaambiwa nalaumu magazeti tu. Fataki hizi za siku hizi si fataki, ni vita. Zamani tulikuwa na fuljari, kijiti cha nyota nyota, ukimaliza unakwenda kulala. Sasa ni mizinga hadi saa sita usiku, paka wote wa mtaa wamehama, jirani yangu mgonjwa wa moyo amejifunga taulo masikioni, na asubuhi makaratasi mekundu yamejaa mitaroni na hakuna wa kuyafagia. Ukiwaambia, wanakujibu ni mila. Mila ya nani? Rama alirudi Ayodhya kwa taa, hakurudi kwa mabomu. Na mjukuu wangu ni mmoja wao, anajijua.

Dawa yake nimeifikiria. Kuna kalenda ya Kigujarati ya kuchana, jani moja kila siku, nitakuletea mwenyewe uitundike karibu na meza ya habari. Itakuonyesha kwamba Diwali ya 2026 ni Novemba 8, si Oktoba, kwa sababu mwaka huo tunaongeza mwezi mzima ili kalenda ya mwezi isiachwe nyuma na jua. Ile picha ya poda iwekeni kabatini hadi Machi. Na mwandishi yule aje kwetu siku ya Dhanteras saa kumi na moja jioni, apande ngazi maana lifti ni mbovu, aketi chini na mke wangu asokote tambi 40 za pamba. Akizisokota vibaya hatuziwashi. Avae soksi zisizo na tundu.

Msimamizi wa jengo tulimpelekea sahani ya ghughra jioni ile ile. Alikula akiwa amesimama, akauliza kama zimebaki. Zilibaki. Watu wa ghorofa ya pili sahani yao waliipokea, nayo bado hawajairudisha.

Baniani wa Makadara,
Mombasa