Mpira wa mkojo wa mzee wangu, na ule utelezi ambao hakuna aliyetuambia

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako, najua barua ni nyingi ila hili naona liwekwe hadharani manake kuna familia zinateseka nalo kimya kimya. Mzee wangu ana tezi dume, mkojo ukamfunga kabisa, hospitali wakamwekea mpira wa kutolea mkojo kwenye kibofu tukaambiwa tusubiri operesheni, na hadi leo tunasubiri.

Ndani ya wiki 11 za mwanzo alipata homa mara 4. Anatetemeka mpaka kitanda kinalia, tunampeleka, anapimwa mkojo, tunaambiwa UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, anapewa sipro, ile antibaiotiki, siku ya tatu anakaa vizuri anaomba uji, halafu wiki mbili mbele yale yale. Nyumbani tukaanza kulaumiana, mama akalaumiwa maji ya kunywa, dada akalaumiwa usafi, mimi nikasema hizi dawa feki. Kumbe ni mpira. Ule ule mmoja tangu siku ya kwanza, na sisi hatukujua kama huwa unabadilishwa.

Aliyetufumbua macho ni nesi mmoja wa zamu ya usiku. Alipoutoa akatuonyesha ncha iliyokuwa ndani, ina utando mzito unateleza na vichangarawe vyeupe. Akatuuliza, mmewahi kuingiza mkono kwenye dumu la maji lililokaa muda mrefu, ule utelezi wa pembeni? Ndo huu. Akasema kitaalamu unaitwa bayofilmu.

Nikaanza kusoma, na niliyoyakuta yamenikaa kichwani. Bakteria anayeleta UTI nyingi anaitwa E. koli, kwetu sisi wote anaishi utumbo mpana bila shida, ila akifika kwenye kibofu ana vinywele vyembamba sana mwilini na kwenye ncha ya kila kinywele kuna protini inayoshika sukari iliyo juu ya seli za kibofu. Sasa ungedhani mkojo ukipita kwa nguvu utamsomba, lakini yeye kadri anavyovutwa ndo anazidi kukaza, kama kupe kwenye sikio la ng'ombe. Wengine wanaingia hadi ndani ya seli wanajificha humo. Na mpira nao ukishakaa mwilini unapakwa protini za mwili, wanapata pa kushika, wakishashika wanatoa ute wao wanajijengea humo, wanaongezeka, wale wa chini kabisa wanapunguza kasi ya kukua kama wamelala. Antibaiotiki nyingi zinaua bakteria anayekua, huyu aliyelala zinampita tu. Wataalamu wanasema kwenye bayofilmu anaweza kuvumilia dawa hadi mara 1,000 kuliko yule anayeelea peke yake. Kwahiyo sipro ya mzee ilikuwa inaua waliotoka nje, homa inashuka, sisi tunashukuru Mungu, na wenye nyumba wako palepale.

Vile vichangarawe navyo vina mwenyewe, bakteria anaitwa Proteus, anavunja yurea iliyo kwenye mkojo inakuwa amonia, chumvi zinaganda, mpira unaziba.

Tena sio habari mpya hata kidogo. Mholanzi Antonie van Leeuwenhoek miaka ya 1680 alikwangua ukoga wa meno yake akaona vijidudu kwa lenzi alizotengeneza mwenyewe, na akagundua kuwa siki aliyosukutulia iliua wa juu tu, haikupenya ndani ya ukoga. Zaidi ya miaka 300! Halafu mzee wangu anamezeshwa vidonge mara 4 juu ya mpira ule ule.

Sasa wanaouguza naomba washike hivi. Mpira ukishafika mwezi mmoja karibu kila mgonjwa mkojo wake una bakteria, kwahiyo kipimo kuonyesha bakteria peke yake bila homa wala maumivu sio sababu ya kukimbilia dawa. Akipata homa na mpira umeshazidi wiki mbili, ulizeni kuhusu kuubadilisha na mkojo wa kupima uchukuliwe kwenye mpira mpya. Mfuko unaopokea mkojo ukae chini ya usawa wa kibofu lakini usiguse sakafu. Na msiuvute wenyewe jamani, ndani una puto lenye maji, utamchana mgonjwa.

Kwa hospitali zetu ombi langu ni dogo, mkiweka mpira andikeni kwenye kadi ya mgonjwa tarehe ya kuwekwa na tarehe ya kurudi kubadilisha, na mwambieni anayemuuguza kwa mdomo, sio wote tunasoma mwandiko wa daktari. Sisi tumeandika kwa makapeni ukutani juu ya kitanda, na mzee mwenyewe kila asubuhi anauliza zimebaki siku ngapi.

Msomaji wako,
Tanga